Maharage Kwenye Uwanja wa Ngoma

Madereva wa siku hizi wakifika kwenye kona ya mtaa wetu hupiga honi, hukanyaga breki, halafu hutukana. Hawajui wanamtukana nani. Barabara inakuja kutoka sokoni imenyooka vizuri tu, mara inapinda kushoto, inauzunguka uwanja, kisha inarudi kwenye njia yake kama haijafanya kitu. Mjukuu wangu mmoja amesomea mambo ya ujenzi wa miji. Juzi alisimama mlangoni kwangu, mikono mfukoni, akasema, "Bibi, hii kona ni kosa la kitaalamu."

Nikamwambia atoe mikono mfukoni kwanza, ndipo aongee na mimi.

Akasema wametumwa kukusanya maoni ya wananchi, maana kuna mpango wa kuinyoosha. Nikamwambia maoni yangu nitayaandika. Kuandika najua. Nilijifunza kisomo cha watu wazima, na kisomo chenyewe nilikisomea pale pale uwanjani, mtoto mgongoni na kalamu mkononi. Kwa hiyo nakaa naandika, na atakayesoma asiniharakishe.

Mimi nilizaliwa upande wa Mpui. Niliolewa nikaletwa Sumbawanga mjini wakati ule wa siasa ya ujamaa, kila mtu akiitwa ndugu, hata yule ambaye humpendi. Mume wangu alikuwa kibarua wa serikali. Tulipanga chumba kimoja chenye dirisha dogo, na upepo wa kwetu, anayeujua anaujua, uliingia kwenye dirisha lile bila kubisha hodi. Sikuwa na mtu. Kijijini nilikuwa naitwa kutoka kila upande, na mjini nikawa "yule mke wa kibarua." Miezi ya kwanza niliongea na sufuria.

Kilichoniokoa ni uwanja.

Usidhani ulikuwa uwanja wa maana. Hauna geti, hauna kibao. Ulikuwa pengo tu katikati ya nyumba zetu, na nyumba zenyewe zilijengwa kila moja ikitazama inakotaka, nyingine zikipeana mgongo kama watu waliogombana. Hakuna aliyetupa uwanja ule na hatukumwomba mtu. Wanawake walianika ulezi pale, wakapepeta pale, wakasukana nywele pale. Walimu wa kisomo walipotafuta mahali, tukawaambia njooni hapa. Na kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, tulicheza ngoma pale. Ngoma yetu ya wanawake haitaki vyombo vingi. Mtungi mmoja, kigoda kimoja. Kigoda kinasuguliwa juu ya mtungi mpaka mtungi unanguruma, na wanawake wanazunguka kwa mstari, mikono ikipiga makofi.

Kama uwanja ungekuwa na mwenyewe, basi ni bibi mmoja jirani, mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio kilima cha pili. Yeye ndiye alikuwa anasema nani aanike wapi, na nani aanzishe wimbo. Kuanzisha wimbo si jambo dogo. Anayeanzisha ndiye anayeongoza mstari, na mtaa mzima unamjua. Siku moja mvua zikikaribia kuisha, napepeta, yule bibi akanitazama akasema, "Wewe wa Mpui. Kiangazi hiki utaanzisha wewe. Mimi magoti yamekataa."

Nikapiga magoti, nikapiga makofi ya shukrani kama tulivyofundishwa. Nilirudi chumbani kwetu nikaiambia sufuria.

Sasa usisahau kwamba mume wangu alikuwa kibarua. Kazi yake ilikuwa ofisi ya ramani. Bwana ramani alikuwa kijana wa Mbeya aliyehamishiwa kwetu karibuni, mrefu, suti ya kaunda imenyooshwa pasi mpaka inakata. Wakati ule mtumishi akihamishiwa Sumbawanga alikuwa anaagwa na ndugu zake kama maiti. Wanalia kabisa. Wameambiwa kwetu kuna uchawi wa kila namna, na mtu akikukaribisha chai ujue umekwisha. Yule kijana alikuja na chupa yake ya chai kutoka nyumbani kwake kila siku, hakuiweka chini hata wakati wa kupima. Anachungulia kwenye darubini yake ya miguu mitatu, chupa ipo kwapani. Akisema "hapo," mume wangu anapiga kigingi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi: mmoja anachungulia, mwingine anapiga nyundo, na mji unanyooka.

Jioni moja tunakula ugali wa ulezi na maharage, mume wangu akasema bila kuinua macho, "Jumatatu vigingi vinafika mtaani kwetu."

"Vinapita wapi?"

"Barabara inatoka sokoni, inakuja moja kwa moja."

"Moja kwa moja kupita wapi, baba?"

Akameza. "Uwanjani."

"Uwanja gani?"

"Kuna uwanja mwingine?"

"Na nani atapiga hicho kigingi?"

"Sasa mwenye nyundo ni nani?"

Nikaondoa bakuli la mboga mbele yake.

"Mama, sijamaliza!"

"Hata mimi sijamaliza."

Lakini nilijua. Kibarua hachagui mahali pa kupiga. Akikataa, kesho asubuhi nyundo inashikwa na mwingine, na sisi tunarudi Mpui kuomba shamba kwa kaka yangu. Kwa hiyo mimi nilikuwa katikati: uwanja huku, ugali huku. Nikamrudishia bakuli, ila nusu.

Asubuhi tukakutana wanawake. Bibi amekaa juu ya kigoda, sisi tumesimama. Kila mtu anasema lake. Mmoja akasema twende tukalie ofisini. Bibi akasema hatulii. Mwingine akasema tung'oe vigingi. Nikasema vigingi vile vina mume, naye ni wangu. Hapo ndipo akaongea mwenzetu mmoja ambaye hakuwa Mfipa wa uwandani kama sisi. Alikuwa mama wa Kiislamu kutoka Wampembe, ziwani, aliyeolewa na mfanyabiashara wa mtaani kwetu. Alikuwa anauza migebuka mikavu, samaki wa ziwa lao, na mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko wetu sote.

"Jamani, ninyi mnahangaika nini?" akasema. "Redio kila siku inasema limeni, limeni, kila mtu alime. Pandeni kitu pale. Nani serikalini atang'oa mmea wakati wao wenyewe wamesema tulime? Mkishapanda, hawagusi mpaka mvune. Na mpaka mvune, huyo kijana wa chai atakuwa ameshahamishwa."

Tukaona ana akili. Bibi akatikisa kichwa mara nyingi. Yule mama wa ziwani akachukua kikapu chake, akapanda lori la kwenda Wampembe kufuata samaki, na kwa barabara ya wakati ule, mtu akienda Wampembe wakati wa mvua humwulizi anarudi lini.

Laiti angekaa hata siku moja zaidi.

Ikafika Jumamosi. Mume wangu na bwana ramani walikuwa wameitwa Kaengesa kupima viwanja huko. Tukasema leo ndiyo leo. Nilileta pombe kidogo ya ulezi, maana kazi ya pamoja kwetu bila pombe ni adhabu. Tukaja na majembe. Mmoja akatoa mbegu za maharage kwenye pindo la kanga, akainama pembeni ya uwanja, akataka kufukia.

Bibi akamwita kwa ile sauti ya ng'ombe. "We! Unafanya nini?"

"Napanda, bibi."

"Unapanda juu ya ardhi ngumu hivyo? Wewe ni kuku? Nani alikufundisha kutupa mbegu kama unayelisha?"

Ni lazima nieleze jambo hapa kwa asiyetujua. Sisi kwetu hatuchimbi shimo tukatia mbegu basi. Mvua zinapoelekea kuisha, majani yakiwa marefu, tunakata udongo pamoja na majani yake, tunaugeuza juu chini, tunaupanga uwe tuta la duara, limejaa kama chungu kilichofunikwa. Ndani majani yanaoza taratibu. Juu unapanda maharage. Na uwanja wetu, kwa kuwa ngoma ni ya kiangazi, wakati ule ulikuwa umejaa majani mpaka magotini, isipokuwa pembeni tulipopepetea na kusomea. Majani mazuri kabisa. Kuyaona tu mikono iliwasha.

Bibi akasema, "Tufanye tuta moja, ili ionekane."

Tukafanya moja. Lilikuwa zuri. Jirani yangu akalitazama, akasema limeegemea upande. Nikamwambia afanye la kwake. Akafanya, likawa kubwa kuliko la kwangu. Nilichukizwa. Nikafanya la pili. Mama mwingine akasema ninyi mnachezea udongo, ngojeni niwaonyeshe mama yangu alivyokuwa anafanya. Pombe ikapita. Wimbo ukaanza, na mwanzishaji ni mimi, nikasema moyoni ngoja nijaribu sauti. Hakuna Mfipa anayeweza kuona tuta la mwenzake limekaa sawa kuliko la kwake akalala usingizi. Jua lilipoelekea kushuka tukanyoosha migongo, tukatazama.

Uwanja wote. Kutoka ukuta hadi ukuta. Matuta yamepangwa mstari hadi mstari kama ya maonyesho, maharage yameshafukiwa.

"Yamekaa vizuri," akasema bibi.

Tukakubali kwamba yamekaa vizuri. Tukaenda nyumbani tukiwa na furaha kama watu walioshinda vita.

Jumatatu bwana ramani alifika na gari la serikali, mume wangu nyuma na vigingi. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mboga, nikasikia kila kitu. Kijana alishuka, akaona yale matuta ya duara, udongo mbichi, mengi, kimya. Akarudi nyuma hatua moja. Chupa ya chai akaikumbatia.

"Hapa," akasema, sauti imekwenda, "hapa wamekufa watu wangapi?"

Mume wangu akasema, "Hajafa mtu, bwana. Ni maharage."

"Maharage?"

"Ndiyo, bwana."

"Yamezikwa?"

"Yamepandwa, bwana. Kwetu ndivyo tunavyopanda."

Kijana akatazama tena. Nadhani hakumwamini. Akaamuru darubini irudishwe garini, akasema ataanza na upande wa pili wa mji, na hapa atasubiri wavune. Gari likaondoka. Mume wangu alipopita mlangoni aligeuza uso ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Basi tukajisifu, wiki baada ya wiki. Maharage yakaota, yakachanua. Na siku moja lori la Wampembe likaingia, mama wa ziwani akashuka na vikapu vyake vya migebuka, harufu inamtangulia. Akafika uwanjani. Akaweka vikapu chini polepole.

"Nini hiki?"

"Ulisema tupande," tukamwambia.

"Nilisema mpande! Nilifikiri maboga mawili matatu, pembeni! Pembeni, jamani! Mboga ya kumzuia mtu kigingi. Nani aliwaambia mlime uwanja mzima?"

Tukamtazama bibi.

"Sasa nijibuni. Ngoma mtachezea wapi?"

Naapa, hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amewaza hilo. Tulisimama pale wanawake wazima, tumeutetea uwanja wa ngoma mpaka hapana pa kuweka mguu. Jirani yangu akaanza kukohoa. Mama wa ziwani alitutazama mmoja mmoja, halafu akakaa juu ya kikapu chake cha samaki akacheka mpaka kanga ikaanguka kutoka kichwani.

Bibi hakucheka. Akasema, "Usikalie samaki. Kwanza, maharage unayaonaje?"

"Maharage ni mazuri, bibi," akasema mwenzetu, akijifuta machozi.

"Basi."

Tukavuna kiangazi kilipoingia. Yalikuwa maharage mengi, tukagawana, na sehemu tukapeleka kwa mwalimu wa kisomo aliyekuwa hana pa kufundishia tangu tulime. Nikadhani sasa tutayavunja matuta, tusawazishe, nianzishe wimbo wangu. Nikaenda kwa bibi na jembe begani.

"Unakwenda wapi na hilo?"

"Kusawazisha, bibi. Siku za ngoma zimefika."

"Tuta halifunguliwi kabla ya mvua. Mama yako hakukwambia? Majani hayajaiva ndani. Ukilifungua sasa upepo unalikausha, kazi yote umeitupa."

"Bibi, lakini ni uwanja wa ngoma!"

"Ulikuwa uwanja wa ngoma mlipolima? Mlipolima ulikuwa shamba. Shamba lina taratibu zake."

Nikarudi na jembe langu. Ukitaka kumjua mtu mkaidi, usije kwangu, nenda kaburini kwa yule bibi. Mimi nilisoma kwake.

Na mambo yakazidi kuharibika. Jioni mume wangu akaniletea habari. Bwana ramani amesema maharage yamevunwa, sasa anaendelea. Amesema kama ni shamba, mashamba hayaruhusiwi katikati ya mji, anayetaka kulima vijiji vipo.

"Umwambie si shamba, ni uwanja wa ngoma," nikasema.

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema anaona matuta. Akaniuliza, uwanja uko wapi? Mimi nimwonyeshe nini?"

Alikuwa na haki. Tulikuwa tumemsaidia wenyewe. Ila kulikuwa na jambo moja: siku zile serikali ilikuwa imesema mipango isitoke juu tu, wananchi washirikishwe. Kwa hiyo bwana ramani alilazimika kuitisha mkutano wa mtaa kabla ya kupiga kigingi. Mjumbe wetu wa nyumba kumi akapita nyumba hadi nyumba kutangaza: Jumamosi, pale pale uwanjani, watu wote.

Mume wangu akaniambia, "Mama, nakuomba. Mkutanoni usiseme. Yule ni mkubwa wangu. Ukisimama kumpinga, watasema kibarua ameshindwa mke wake, halafu watanitafutia sababu."

"Sitasema neno," nikamwambia.

Akanitazama kwa wasiwasi, maana ananijua.

"Sitasema," nikarudia. "Nitaimba."

Jumamosi asubuhi tukaenda mapema na bibi. Alitembea katikati ya matuta kwa fimbo yake, magoti yanalia, anatazama chini. Kati ya tuta na tuta kuna njia ya kupita mguu mmoja, si zaidi. Akasema, "Mbuzi akiingia kwenye mahindi anapitaje?"

"Anapinda pinda, bibi."

"Basi pindeni."

Mama wa ziwani, ambaye ngoma yetu hakuwa ameicheza maisha yake yote, akasema na yeye yumo, maana balaa hili limetoka mdomoni mwake. Tukajaribu kidogo. Alikanyaga tuta, bibi akampiga fimbo ya mguu. Hakukanyaga tena.

Watu wakaja. Wanaume wamesimama ukutani wamejikunja ndani ya makoti, maana baridi ya mwezi ule si ya mchezo. Mjumbe akafungua mkutano. Bwana ramani akaeleza barabara: itakuwa pana, lori litapita, mji utakuwa mji. Wanaume wakasema ni vizuri, ni vizuri. Kweli ilikuwa vizuri, hatukuwa wapinzani wa barabara. Hata mimi nilichoka kutembea kwenye tope. Halafu akauliza, na ninampa heshima yake kwa hilo, "Akina mama, mna neno?"

Bibi akasema, "Tunalo. Lakini halisemwi kwa kukaa. Mwanangu, sogea ukutani."

Akageuza mtungi. Akaweka kigoda juu. Akasugua.

Mtungi ule uliponguruma, nikaona mume wangu amefumba macho. Nikaanzisha. Sitaandika maneno ya wimbo hapa, ni ya kuimbwa, hayakai kwenye karatasi. Ila yalikuwa yanamwuliza mgeni amekula nini kwetu mpaka anakonda hivyo. Wanawake wakaitikia, mstari ukaingia. Tukapinda tuta la kwanza kushoto, la pili kulia, kanga zinagusana, vumbi linapanda, makofi yanakwenda. Mama wa ziwani nyuma yangu anakata kiuno kwa namna ya kwao, si ya kwetu kabisa, lakini hakukosea njia. Ngoma haikuwa imewahi kupendeza hivyo. Ile ya zamani ya kuzunguka tu duara, ukiilinganisha na ile, ni ya watu wavivu. Tulipomaliza matuta yote tukatoka nje, tukauzunguka uwanja mzima kwa mstari mmoja, mara nyingi, mpaka nyayo zetu zikaacha njia nyeupe kwenye vumbi.

Wanaume wakaacha ukuta. Mjumbe mwenyewe alikuwa anapiga makofi, na alikuwa mtu wa kujiona. Nikamfikia bwana ramani. Nikampigia goti, kama mgeni anavyostahili, nikamnyooshea mikono. Akatafuta mahali pa kuweka chupa ya chai. Hakupaona. Bibi akaipokea.

Akacheza! Vibaya, lakini alicheza, miguu mirefu kama ya darubini yake, viatu vinatafuta nafasi kati ya matuta, na hakukanyaga hata moja. Watu wakapiga vigelegele. Aliporudi anahema, jasho limeharibu suti, bibi akamnyooshea kikombe. Ndani kulikuwa na chai. Chai yetu. Ya kwake bibi alikuwa ameshaimaliza.

Kijana akakitazama kikombe. Akanywa.

"Ndaga," akasema. Ni asante ya kwao.

Sasa usidhani mambo yaliishia hapo kwa furaha. Kazi ni kazi. Alivaa uso wake wa ofisini, akaenda kwenye darubini, akachungulia, akasema, "Barabara lazima ipite. Njia iliyochorwa ni hii." Akamwonyesha mume wangu mahali, katikati kabisa ya uwanja, kati ya tuta na tuta. "Piga hapo."

Mume wangu akaenda na kigingi na nyundo. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, nimeahidi kutosema, nikauma kanga. Akainama. Akanitazama mara moja. Akakigusa kigingi kwa nyundo, kidogo sana, kama mtu anayebisha mlango wa mkwe.

"Haiingii, bwana," akasema. "Kuna jiwe."

Uwanja wetu hauna jiwe. Tulikuwa tumeulima wote, kila mtu pale alikuwa anajua.

"Sogea kidogo," akasema bwana ramani.

Mume wangu akasogea. Akabisha tena. "Jiwe."

"Sogea tena."

"Jiwe, bwana."

Akaenda hivyo, hatua kwa hatua, anabisha hodi ardhini, jiwe, jiwe, mpaka alipofika kwenye ile njia nyeupe ya nyayo zetu. Akaivuka. Akaweka kigingi upande wa nje, akainua nyundo juu, akapiga kwa nguvu zake zote. Kikaingia mpaka shingoni.

"Hapa ni laini," akasema.

Bwana ramani aliinua kichwa kutoka kwenye darubini. Akamtazama mume wangu. Akatutazama sisi, tumejipanga, makofi yameganda hewani. Akatazama ile njia ya nyayo jinsi inavyozunguka uwanja wote. Nikaona mdomo wake unapigana na yeye mwenyewe.

"Ndugu wananchi," akasema mwishowe, "uwanja wenu una mawe ya ajabu."

"Mengi sana, bwana," akajibu mjumbe.

"Basi tuyazunguke." Akaifuata njia ya nyayo zetu mwanzo hadi mwisho, yeye anaonyesha, mume wangu anapiga, na safari hii kila kigingi kiliingia. Hakuna aliyemtafutia mume wangu sababu. Jioni ile nilimwekea bakuli la maharage lililojaa, nikaliacha mbele yake mpaka alipolisukuma mwenyewe.

Mvua zilipokuja bibi akaruhusu, tukavunja matuta, udongo wake mweusi tukaubeba kila mtu kwenye bustani yake. Kiangazi kilichofuata tulicheza kwenye uwanja mtupu, na tuliona umepungukiwa kitu, kwa hiyo tukapinda pinda hivyo hivyo, tukiyakwepa matuta ambayo hayapo. Wanawake wa mtaa wetu mpaka leo wanacheza hivyo, na vijana wakiuliza kwa nini, wanaambiwa waulize kwangu.

Kisomo kilirudi pale. Ndipo nilipojifunza haya ninayoandika. Bwana ramani alikaa kwetu miaka, na siku alipohamishwa alilia kabisa, tukamfungia migebuka na maharage. Bibi amekwenda, mama wa ziwani amekwenda, mume wangu pia amekwenda. Barabara imewekwa lami, na lami ikafuata vigingi vyake.

Mjukuu wangu amesoma hadi hapa, nilimpa mwenyewe. Akasema, "Bibi, lakini tumepima kwa mashine. Pale hakuna jiwe hata moja."

Nikachukua kigoda changu, nikaenda nikakiweka katikati ya uwanja, nikakaa. Nimemwambia alete nyundo, apige hapa nilipo, aone.

Mpaka sasa hajaleta.